Ubao, Kisu na Wino: Mwongozo Kamili wa Kuchonga Picha za Watu Kazini

Mwaka 1849 mchoraji Mfaransa Gustave Courbet alikutana na watu wawili wakiponda mawe kando ya barabara, karibu na kwao Ornans. Mmoja mzee, mwingine kijana. Akawachora kwenye turubai yenye upana wa zaidi ya mita mbili na nusu, ukubwa ambao enzi hizo waliwekewa wafalme, watakatifu na majemadari. Mzee amepiga goti, soksi zake zimetoboka visiginoni. Kijana amebeba kapu la mawe, shati limechanika. Nyuso zao huzioni: ya mzee imefichwa na kofia, na kijana ametupa mgongo. Kando yao kuna sufuria ya chakula na kijiko. Picha ilipotundikwa Paris, katika maonyesho ya 1850 na 1851, wapo walioona ni matusi kuwapa wapasua mawe nafasi ya namna ile. Uhalisia huo wa akina Courbet ndio uliofungua njia ya sanaa tunayoiita uhalisia wa kijamii, ambayo humchora mtu wa kazi na dhiki yake jinsi alivyo, bila kumpamba.

Picha hiyo haipo tena. Iliteketea mwaka 1945 karibu na Dresden, Ujerumani, wakati wa mabomu ya vita. Turubai ile kubwa ilikuwa moja tu.

Kwa sababu hiyo nimeacha rangi na turubai, nakufundisha chapa: unachonga ubao, unaupaka wino, unalaza karatasi juu yake, na picha ileile inatoka mara ishirini, mara hamsini, mara mia. Bei yake ni ndogo, na vifaa vinapatikana kwa fundi seremala, kwenye stationari na jikoni kwako.

Mwalimu wangu mkubwa katika kazi hii, ingawa alifariki Aprili 1945, ni Käthe Kollwitz wa Ujerumani. Nitamrudia mara kwa mara, kwa kuwa shida nyingi utakazokutana nazo yeye alishazipitia.

Hatua ya kwanza: kaa na watu kabla ya kushika penseli

Mwaka 1891 Kollwitz alihamia na mumewe Karl katika mtaa wa wafanyakazi kaskazini mwa Berlin. Karl alikuwa daktari, akitibu wafanyakazi na familia zao. Wanawake waliokuja kumwona walikaa, wakasubiri, wakazungumza, na Käthe akawajua. Baadaye alieleza kwamba mwanzoni hakuvutwa na huruma. Aliwaona wazuri, wana miili yenye nguvu na mwendo wa wazi. Uchungu wa maisha yao aliuelewa polepole kwa kuwasikiliza. Nalisisitiza hilo kwa wanafunzi wangu wote. Ukianza na huruma utachora ombaomba hata pale ulipo mbele ya fundi hodari.

Basi chagua kazi moja unayoweza kuifikia kwa miguu: wachomeleaji, mama lishe, wabeba mizigo sokoni, vijana wa mkokoteni, wavuvi wanaovuta juya. Nenda siku mbili tatu bila karatasi. Salimia. Kunywa chai hapo.

Mimi nilianza na akina mama wanaoponda kokoto. Nilimwamkia aliyekuwa mkubwa wao, akaitikia marahaba bila kuinua nyundo. Nilipoomba kuchora aliniuliza, "Unatupeleka wapi, mwanangu? Wengine walikuja wakatupiga picha, wakaenda kuombea hela." Nilimjibu ukweli: nachonga ubao, na karatasi ya kwanza ni yako. Akasema, "Haya, kaa kule, mawe yasikurukie." Sikumgusa kwa penseli hadi siku ya tatu.

Ruhusa ya mtu haiwi ya milele. Mtu akigeuza uso, funga daftari. Watoto usiwachore bila mzazi kujua.

Hatua ya pili: michoro ya dakika mbili

Sasa chukua daftari na penseli laini, 4B au 6B, au kipande cha mkaa wa jikoni. Jipe dakika mbili kwa kila mchoro, na usitoke hapo hujafikisha ishirini. Picha nzuri usiitafute bado. Unachotafuta ni mahali uzito ulipo.

Kila kazi ina mahali inapobeba mwili. Mponda kokoto huukalia uzito wake wote: mguu mmoja umenyooka, mwingine umekunjwa, mgongo umepinda kama upinde, na mkono wa kushoto unashika jiwe ndani ya pete ya mpira wa tairi ili lisiruke. Hiyo pete ya mpira sikuiona siku mbili za mwanzo. Nilipoiona, picha nzima ilibadilika, kwa sababu ni hapo vidole vinaponusurika au kupondeka. Tafuta kitu kama hicho katika kazi uliyochagua. Mmarekani mweusi Elizabeth Catlett, aliyefanya kazi Mexico, alichonga mwaka 1952 picha ya mwanamke mkulima wa shamba la kugawana mavuno. Kofia pana ya majani, uso ulioinuka, na koti limefungwa shingoni kwa pini badala ya kifungo. Ile pini ndogo inakueleza hali yote, na bado mwanamke hajapungukiwa hata chembe ya heshima.

Mikono ichore peke yake, ukurasa mzima. Ichore mikubwa kuliko ilivyo. Kollwitz alifanya hivyo maisha yake yote. Mikono yake ni mikubwa, yenye mifupa, na mara nyingi ndiyo inayosema wakati uso umefichwa. Katika picha yake ya wazazi waliofiwa, baba amefunika uso kwa kiganja na mama amezama kifuani pake. Huoni jicho hata moja. Mwanawe Peter aliuawa vitani Ubelgiji Oktoba 1914, na picha hiyo ilimchukua miaka kuipata.

Hatua ya tatu: amua nyeusi na nyeupe

Hapa ndipo wengi huharibu. Mchoro wa penseli una kijivu kingi, lakini ubao haujui kijivu. Palipochongwa pataachwa peupe, palipobaki patachapa weusi. Kwa hiyo kabla ya kuchonga lazima upange upya.

Chukua michoro mitatu bora. Kwa kila mmoja tengeneza picha ndogo tano, kubwa kama kiganja, kwa brashi na wino mweusi tu. Katika ya kwanza, mtu awe mweupe na nyuma pawe peusi. Katika ya pili geuza. Katika ya tatu mwanga utoke upande mmoja. Zibandike ukutani, rudi nyuma hatua sita, fumba macho nusu. Ile ambayo bado unamtambua mtu na kazi yake ndiyo yako.

Usiogope weusi. Mwanafunzi mpya huchonga kila kitu, mwisho wake picha inakuwa kijivu na haina pa kushikia jicho. Acha angalau nusu ya ubao bila kuguswa. Katika picha tatu za mbao ambazo Kollwitz alizitoa mwaka 1925 kuhusu wafanyakazi, yaani ukosefu wa kazi, njaa, na vifo vya watoto, weusi umetanda, na nyuso zinatokea humo kwa mikwaruzo michache.

Hatua ya nne: vifaa

Ubao. Chaguo la bei rahisi ni plaiwudi ya milimita nne hadi sita. Omba mabaki kwa seremala, kipande cha sentimita 20 kwa 30 kinatosha kabisa. Isugue kwa msasa laini mpaka kiganja kisikwame popote. Kwa anayeanza, linoliamu, aina ya tandiko la sakafuni, ni laini zaidi na haina nyuzi, ila si kila mji inapatikana. Badala yake tumia kigae cha plastiki cha sakafuni, kile kigumu kisicho na sponji chini. Kwa jaribio la kwanza kabisa hata soli ya kandambili inafaa, na kosa lake halikuumizi mfukoni.

Visu. Unahitaji vitatu: kisu chembamba chenye ncha kali, patasi ndogo ya umbo la V kwa mistari, na patasi ya mviringo, mafundi wengine huiita bobari, kwa kuondoa sehemu kubwa. Ukikosa patasi ya V, chukua ubavu wa mwavuli mbovu. Una mfereji tayari. Kata kipande cha sentimita nane, noa mwisho wake kwenye jiwe la kunolea kwa mshazari, kipachike kwenye mpini wa mti. Nina wa namna hiyo, na kwa mistari ya nywele na kanga unanifaa kuliko vya dukani.

Wino. Wa mafuta ndio bora. Kwenye viwanda vidogo vya kuchapa kadi na vitabu huwa wanabakiza wino mweusi kwenye kopo. Kwa bei ya maelewano watakuuzia vijiko vichache, nao utachapa nakala nyingi. Hukauka taratibu, siku kadhaa, kwa hiyo panga mahali pa kutundika. Rangi ya maji ya shuleni itakusumbua: inakauka kwenye ubao kabla hujalaza karatasi.

Vilivyobaki ni rola ndogo ya mpira, kipande cha kioo kilichofungwa kingo kwa gundi ya karatasi, kijiko kikubwa cha chuma au mwiko laini, na karatasi nyepesi isiyo na mng'ao.

Hatua ya tano: geuza picha

Chapa hutoka kinyume, kama kwenye kioo. Ukisahau hili, mama mwenye nyundo mkono wa kulia atakuwa wa kushoto, na maandishi hayatasomeka. Nilichonga kibao cha bei ya ndoo nyuma ya mama mmoja, kazi ya jioni tatu, na kilipotoka kwenye karatasi kilikuwa kinyumenyume chote.

Njia rahisi: nakili mchoro kwenye karatasi inayopitisha mwanga kwa penseli laini. Ilaze kifudifudi juu ya ubao, sugua mgongo wake kwa kijiko. Penseli itahamia ubaoni ikiwa imegeuka tayari. Kisha pitia mistari kwa kalamu ya wino, na jaza weusi wote kwa brashi ili uone kabisa panapobaki. Kabla ya hapo unaweza kuupaka ubao rangi nyepesi ya chai ya rangi. Kila utakapochonga mti mpya utaonekana, na jicho halitachoka.

Hatua ya sita: kuchonga

Kanuni ya kwanza, na siitolei radhi kuirudia: mkono usioshika kisu ukae nyuma ya kisu, siku zote. Kisu butu ni hatari kuliko kikali, maana unakisukuma kwa nguvu na kinateleza. Noa kila baada ya nusu saa. Pigilia kipande cha mbao kwenye ukingo wa meza ili ubao uegemee hapo usikimbie.

Anza na mistari ya mpaka wa umbo. Kwa plaiwudi, kwanza kata kwa ncha ya kisu pande zote mbili za mstari, ndipo uondoe katikati kwa patasi. Usipokata kwanza, patasi ikipita kinyume cha nyuzi itanyanyua kibanzi kikubwa na kwenda nacho. Kibanzi kikitoka, kirudishe palepale kwa gundi ya mbao, kandamiza kwa jiwe, subiri usiku mmoja. Linoliamu ikiwa ngumu, ianike juani dakika kumi, itakuwa kama jibini.

Unapopinda, zungusha ubao, siyo kisu. Ukingo wa mchongo uwe na mteremko kama wa mfereji wa barabarani, mpana juu mwembamba chini, ili kuta za mistari myembamba zisivunjike unapokandamiza. Kina cha milimita moja na nusu hadi mbili kinatosha.

Sasa jambo ninalolipenda kuliko yote. Alama ya kisu ina tabia yake, nayo ifanane na kazi unayoichonga. Kokoto nilizichonga kwa mipigo mifupi, ya pembe, kila mpigo umetengana na mwenzake, kama nyundo inavyoanguka. Kanga ya mama niliichonga kwa mistari mirefu laini inayofuata goti. Mkono niliuacha mweusi karibu wote, nikatoa mwanga kwenye vifundo vya vidole tu. Ukichonga nguo, jiwe, ngozi na anga kwa mpigo mmoja, vyote vitakuwa kitu kimoja.

Simama mapema. Ulichoondoa hakirudi, ulichoacha unaweza kukiondoa kesho.

Hatua ya saba: wino na nakala ya majaribio

Weka wino kiasi cha kijiko cha chai kwenye kioo. Vingirisha rola juu, chini, pembeni, hadi utando uwe mwembamba na uanze kutoa sauti ya mafuta yanayochacharika kwenye kikaango. Sauti ikiwa ya kunata na kuvutika, wino ni mwingi. Paka uso wa ubao ukienda huku na huku, mara tatu nne kwa utando mwembamba, usipake mara moja kwa unene.

Laza karatasi kutoka upande mmoja, usiisogeze tena. Ishike kwa kiganja, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko kwa miduara midogo, ukianzia katikati kwenda kingoni. Usiharakishe. Picha ya sentimita 20 kwa 30 inahitaji dakika tano hadi kumi. Inua pembe moja uangalie: palipo na mawingu rudisha, sugua tena. Ndipo uibandue.

Nakala hiyo ya kwanza ni ya kukusaidia kuona, hata ikipendeza. Itundike, iangalie asubuhi. Mistari mieupe ikiziba, ulipaka wino mwingi. Weusi ukiwa na madoadoa, wino ni mchache au kijiko hakikufika. Palipochongwa pakichapa michirizi usiyoitaka, chimba zaidi. Lakini michirizi michache inayofuata umbo iache, ni pumzi ya mti.

Hapa tumkumbuke tena Kollwitz. Januari 1919 familia ya Karl Liebknecht, kiongozi wa wafanyakazi aliyeuawa Berlin, ilimwomba achore maiti yake. Alijaribu kwa kuchora kwenye bamba la chuma, hakuridhika. Akajaribu kwa jiwe, hakuridhika. Mwaka 1920 aliona michoro ya mbao ya Ernst Barlach kwenye maonyesho, akaamua kushika ubao ambao hakuwahi kuuzoea, akiwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini. Ndiyo picha tunayoijua: wafanyakazi wameinama juu ya shuka nyeupe, na mkono mmoja mpana umelazwa kwenye kifua cha marehemu. Hakuwa mfuasi wa chama cha Liebknecht. Aliona jinsi watu walivyomlilia, akachora kilio chao. Kwa hiyo ukilazimika kuchonga ubao wa pili, chonga.

Hatua ya nane: nakala zote, hesabu na usambazaji

Ukishatosheka, chapa nakala zote kwa siku moja au mbili ili wino ufanane. Zitundike kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Zikikauka, andika kwa penseli chini ya picha: upande wa kushoto namba kama 3/30, katikati jina la picha, kulia sahihi yako na mwaka.

Kuhusu bei, nina msimamo. Toa mafungu mawili. Moja kwenye karatasi nzuri, lenye namba, kwa wanunuzi wa sanaa, nalo ligharamie kazi. La pili kwenye karatasi ya kawaida, bila namba, la kubandika kijiweni, sokoni, kwenye ofisi ya chama cha wafanyakazi. Karakana ya Taller de Gráfica Popular, iliyoanzishwa jijini Mexico mwaka 1937 na Leopoldo Méndez na wenzake, ilisimama juu ya fungu hilo la pili: mabango na vipeperushi vya linoliamu kwenye karatasi hafifu kwa ajili ya wafanyakazi na wakulima.

Na chapa husafiri. Mwandishi Mchina Lu Xun alipotaka kumkumbuka rafiki yake Rou Shi, aliyeuawa Shanghai Februari 1931, alichapisha kwenye jarida picha moja ya Kollwitz, ya mama anayemtoa sadaka mtoto wake mchanga. Agosti mwaka huohuo alikuwa ameandaa darasa la siku sita la kuchonga mbao mjini humo, mwalimu wake Mjapani. Darasa lile lilizaa kizazi cha wachongaji waliochora makuli, wakulima na wakimbizi wa njaa. Kollwitz hakuwahi kufika China. Karatasi ndizo zilizofika.

Hatua ya tisa: kusafisha na kutunza ubao

Futa wino kwa kitambaa kikavu kwanza, halafu kwa mafuta kidogo ya kupikia, mwisho kwa maji ya sabuni kwenye kioo na rola. Plaiwudi usiiloweshe. Matambara yenye mafuta yaanike yakiwa yametandazwa, usiyarundike, yanaweza kushika moto yenyewe. Funga ubao kwenye gazeti, uuhifadhi ukiwa umelala mahali pakavu, mbali na mchwa.

Yule mama mkubwa wa kokoto nilimpelekea karatasi yake kama nilivyoahidi. Aliitazama kwa muda, akawaita wenzake, wakabishana ile kanga ni ya nani. Akaibandika kwenye nguzo ya kibanda chao cha magunia. Masika ilipoingia ikalowa, ikachanika vipande. Nilipopita tena alinionyesha gundi iliyobaki kwenye nguzo, akasema, "Mwanangu, ile imekwenda na maji." Nikarudi nyumbani, nikafungua gazeti, nikapaka wino. Jioni nilimpelekea nyingine, safari hii ndani ya nailoni.